Kofia ya Jemeli

Wewe unayependa kuamua kesi za watu, njoo ukae mbele. Leo nina watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Mzee Busienei alijaliwa vidole, Odera alijaliwa masikio. Salina naye hakujua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na hicho pia ni kipawa, ingawa hakina marafiki.

Kati yao alikuwepo Jemeli wa Molo, mwimbaji wa kantri, ule muziki wa gitaa wa Wamarekani wa mashambani. Kwa miaka kumi na miwili, kila Jumapili alasiri, alipanda jukwaani na kofia pana ya marehemu baba yake. Nje baridi, ndani watu na buti zao wanaimba mpaka machozi. Siku zile zilikuwa tamu, nisiwafiche.

Mzee Busienei ndiye aliyemfundisha gitaa tangu darasa la tano, akimfunga plasta vidole vilipochubuka. Mpaka leo Jemeli hawezi kutunga wimbo bila gitaa mapajani.

Salina ni binamu yake. Siku moja wakikamua ng'ombe alimwambia, "Dada, kile Kiingereza cha puani si chako. Jukwaani unamwiga mtu wa ng'ambo. Hapa kwa ng'ombe ndipo unapoimba." Jemeli alinuna wiki nzima. Kisha akatunga nyimbo kumi za Kiswahili, kwa sauti yake mwenyewe.

Nyimbo zikalala daftarini mwaka mzima, hakuna aliyezitaka, hadi Odera, prodyuza wa kurekodi nyimbo kule Nakuru, alipozisikia. Akatia ngoma na kinanda, gitaa akalisukuma nyuma. Ikatoka albamu ya pop, na sasa hata maharusi wanaingia nayo ukumbini.

Lakini watu wa kantri pale Molo wana desturi yao. Anayeuacha muziki wao haondoki na kofia. Huivua jukwaani, akamvika mtu mmoja tu, yule aliyemfikisha alipofika.

Jumapili ya kuaga ikafika. Jemeli akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Msichana wangu," akasema Mzee Busienei, "albamu yenyewe siipendi. Lakini vidole hivyo nilivifundisha mimi, na Jumapili sina tena pa kwenda."

Odera akasema, "Mji mzima unaniita mwizi wa mwimbaji wenu. Nikivikwa hapa, mtajua sikumwiba."

Salina alikuwa amesimama mlangoni. "Nyinyi wawili majina yenu yako kwenye shukrani za albamu," akasema. "Langu halipo."

Jemeli akaanza kulia. Baba yake, aliyemwachia kofia, hakuwepo tena aulizwe.

Mimi nilikuwa safu ya tatu. Nimeamua mara tatu, na mara tatu nimebadili uamuzi, kwa hiyo msiniulize. Je, ungekuwa wewe Jemeli, ungemvika nani? Na wale wawili waliobaki, ungewatazama usoni ukawaambia nini?