Kigari cha Mwalimu Sekela na Kilomita Zilizopungua

Wewe unayenisikiliza, ukiuza gari lako kuukuu, utamwambia mnunuzi kila kitu? Usinijibu haraka. Nyote huwa mnajibu haraka.

Hapo zamani, kabla mafuta hayajapanda bei mara hii ya mwisho, aliishi Mbeya mwalimu mstaafu wa hesabu, jina lake Sekela. Alikuwa na kigari cheupe, kidogo, cha kunusishwa mafuta tu kikaenda. Kwa miaka kumi na miwili watu walimwambia, "Mwalimu, hivi vigari havishuki bei." Naye akaamini, maana hilo ni neno tamu kwa mwenye gari.

Kiinua mgongo chake kilikuwa bado kinatafutwa kwenye mafaili. Akasikia kuna mashine ya kutotolesha vifaranga inauzwa milioni nne, na mwenyewe anahama Jumamosi. Mwalimu akaamua: kigari kiende, mashine ije.

Akamwita Ambokile, fundi wake wa miaka yote. "Ambokile, kiweke sawa." Fundi akakaa nacho siku mbili.

Akamwita Lwitiko, dalali. "Lwitiko, niletee mnunuzi. Uongo wako uuache hukohuko sokoni Mwanjelwa. Mimi nimefundisha miaka thelathini na mitano." Dalali naye akakaa nacho siku mbili.

Alhamisi akaja nesi Tusekile, milioni nne kwenye mkoba. Akakizunguka kigari. Akapiga teke gurudumu, kama wafanyavyo wote, sijui huwa wanategemea lijibu nini. Akawasha, injini ikaitika mara moja. Nesi akatabasamu. Kisha akatazama dashibodi.

"Mwalimu, gari hili unalo tangu lini?"

"Mwaka wa kumi na mbili huu, mwanangu."

"Na limetembea kilomita elfu sita. Mlikuwa mnalibeba?"

Mwalimu Sekela akainama kutazama. Elfu sita kweli.

Nesi akafungua boneti. Kikadi cha kubadilisha oili kilikuwa kinaning'inia palepale, mwandiko wa Ambokile, wa mwezi uliopita: 231,000. Hakuna aliyekumbuka kukitoa.

"Injini nimeipenda," nesi akasema. "Lakini nilikuja na nne za gari la watu wakweli. Kwa hili natoa mbili. Nawapa dakika kumi."

Mbili! Mwalimu akaiona mashine ikipakiwa kwenye lori la mwenyewe, na vifaranga wake wote ndani.

"Nani amegusa dashibodi yangu?" aliuliza kwa sauti ya darasani.

Ambokile akajikuna kisogo. "Mimi nimetoa laki moja, Mwalimu, lakini kwa haki. Injini ya kwanza si ilikufa? Ilikufa na laki moja yake, nikakufungia nyingine. Sasa utamuuziaje mtu kilomita za marehemu? Niling'oa dashibodi nikampelekea fundi saa, nikamwambia toa laki. Zilizobaki sikuzitazama. Na huo mwitikio alioupenda nesi, ni mkono wa nani?"

"Ala! Kumbe!" Lwitiko akaruka. "Mama, mimi nilikuta elfu hamsini na moja, nikaamini ni za kweli. Lakini mteja wa siku hizi akisoma hamsini anajua umemdanganya, anazidisha mwenyewe. Ili asome hamsini kichwani, lazima umwandikie sita. Mimi nimetoa arobaini na tano tu. Nimemtafsiria! Na mwenye pesa taslimu nimekuletea mimi, si huyu mpaka grisi."

"Tapeli wewe!"

"Na wewe mchimba makaburi ya injini!"

"Nyamazeni!" Mwalimu akagonga boneti. "Mmeniharibia bei kwa mikono yenu. Mtanilipa milioni moja moja kabla ya Jumamosi. Mtu mzima unagusa tarakimu! Hamna hata haya?"

Walikuwa wameanza kuinamisha vichwa, na Mwalimu ameanza kupumua, nesi alipoinua kidole kama yuko darasa la tano.

"Samahani, Mwalimu. Laki moja ya fundi, na arobaini na tano elfu za dalali. Ukizitoa kwenye laki mbili na elfu thelathini na moja, zinabaki themanini na sita elfu. Hapa naona sita. Elfu themanini ziko wapi?"

Ambokile akamtazama Lwitiko. Lwitiko akamtazama Ambokile. Kisha wote watatu wakamtazama Mwalimu.

Mwalimu Sekela akafuta boneti kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Anyosisye," akasema mwishowe, na wote wakajua anamtaja yule mume aliyeachana naye. "Kila Ijumaa alichukua gari langu kwenda semina Tunduma. Kwenda na kurudi kilomita mia mbili, Ijumaa hamsini kwa mwaka, miaka minane. Pigeni wenyewe. Kumbe semina ilikuwa na nyumba, na pazia, na watoto wawili. Nikasema gari nitaliuza, lakini njia ya kwenda kwa yule mwanamke siiuzi kwa jina langu. Nilikwenda kwa fundi saa kabla yenu. Elfu themanini nimezitoa mimi."

Haya, ninyi mliosikia: zile milioni mbili zilizopotea, nani alistahili kuzilipa?