Kwa Nini Mpiga Upinde Hushika Tama

Wekeni pinde chini. Nimewatazama tangu umande haujakauka, na mgomba mliousimamisha pale uwe shabaha bado umesimama kama bibi harusi, hauna hata mkwaruzo. Mishale yenu imo vichakani, na mmoja umo kwenye paa la banda langu la kuku. Mnasema ni upepo. Upepo upi? Mimi bibi yenu nimekaa hapa sijaona jani likitikisika. Ketini basi, niwaambie jambo ambalo watu wa milima hii huambiana pale mkono wa kijana unapokataa kufundishika. Si jambo la kuchekesha. Anayetaka kicheko na aende kwa shangazi yake.

Zamani hizo, milima hii ikiwa bado haina njia zilizokanyagwa, watu walikuwa na upinde lakini hawakuwa na adabu ya upinde. Mtu aliushika kwa ngumi, vidole vimekaza mpaka kucha zinakuwa nyeupe, kana kwamba amemkamata mwizi shingoni. Alivuta upote, yaani ile kamba ya upinde, mpaka kifuani tu, akapiga ukelele, akaachia. Mshale ulikwenda ulikotaka. Aliyevuta kwa nguvu kuliko wenzake ndiye aliyesifiwa, na aliyekosa alisema siku yake haikuwa njema. Watu walichomwa mapaja, mbuzi wa majirani walikufa, na kila mara wazee walitikisa vichwa wakasema ajali haina kinga.

Na wakati huo kushika tama halikuwa jambo baya. Mtu aliyechoka aliweka shavu kiganjani akapumzika. Mtoto aliyengoja uji alishika tama mpaka uive, wala hakuna aliyemkemea.

Katika watu hao alikuwapo mwindaji, jina lake Maghanga. Upinde wake hakuna mwingine aliyeweza kuupinda. Alijua hivyo, na alipenda watu wajue hivyo. Rafiki yake alikuwa Mwanyalo, mtu mwembamba, mwenye maneno ya utani, ambaye mkewe alikuwa amefariki akamwachia watoto wawili wadogo. Mwanyalo aliishi nao kwa mama yake, bibi mmoja aliyeitwa Mghoi. Maghanga na Mwanyalo walikuwa chanda na pete. Wakienda kuwinda, Mwanyalo alizunguka kuwatoa wanyama vichakani, na Maghanga alingoja na upinde. Nyama waligawana bila kupimiana.

Mwaka mmoja mvua ilikataa. Mtama ulikauka ukiwa haujafika magotini, na watu wakaanza kuchimba mizizi. Wale wawili wakashuka nyikani kutafuta cha kupika. Mwanyalo akamtoa kulungu kichakani, kisha akasimama kando, upande wa kushoto, mahali alipozoea kusimama, akainua mkono kuonyesha kwamba yuko pale. Maghanga alimwona. Hilo lazima mlijue. Alimwona vizuri kabisa.

Akaukamata upinde kwa ngumi yake yote, na siku hiyo njaa ilimfanya akaze zaidi. Akavuta, akapiga ukelele, akaachia. Ile ngumi ikaupotosha upinde kidogo tu, labda upana wa ukucha. Lakini ukucha mmoja mkononi ni hatua nyingi kule mbali. Kulungu akaenda zake. Mshale ukaingia ubavuni mwa Mwanyalo, na mshale wa mwindaji una sumu, na sumu ile haikuwa na dawa.

Maghanga alipomfikia, Mwanyalo alimwuliza neno moja tu. "Kulungu umempata?"

"Nimempata," Maghanga akasema.

Ulikuwa uongo, na Mwanyalo akafa nao.

Akambeba mgongoni mpaka kijijini, akamlaza mbele ya mlango wa mama yake. Sitawaeleza kilio cha siku ile. Wazee wakakaa barazani, wakaanza tena wimbo wao kwamba ajali haina kinga. Mghoi akawasikia. Akatoka ndani, kanga ya kichwani imemwanguka, akasema, "Kinga ipo. Ninyi ndio hamjaitafuta." Kisha akarudi kwa maiti wake.

Baada ya maziko wazee wakatoa hukumu. Aliyeangusha nguzo ya nyumba na awe yeye nguzo. Maghanga atawalisha Mghoi na watoto wale wawili mahali pa marehemu. Wakifa kwa njaa mikononi mwake, upinde wake utavunjwa, naye atafukuzwa aende nyikani peke yake. Maghanga akakubali bila kujitetea. Alidhani kuwalisha ndilo jambo rahisi kuliko yote aliyobakiwa nayo.

Lakini hakuweza tena kulenga. Kila alipoinua upinde alimwona Mwanyalo amesimama upande wa kushoto, ameinua mkono. Hofu ilipomshika, naye aliushika upinde kwa nguvu zaidi, na kadiri alivyokaza ndivyo mishale ilivyopotea. Alikuwa akishuka nyikani alfajiri na kurudi jioni mikono mitupu, akipita mbele ya watu waliokuwa wakimsifu. Akawa anawapelekea watoto mizizi na panzi. Matumbo yao yakavimba, miguu ikawa njiti. Yule mdogo kwanza alilia mchana kutwa, kisha akaacha kulia. Mtoto mwenye njaa akiacha kulia, ndipo uogope.

Muda wote huo Mghoi alikaa nje ya mlango ameshika tama. Majirani walikuja kumpa mkono wa pole, wakaondoka. Maghanga peke yake hakuwa amempa. Alikuwa akiweka mizizi yake kizingitini na kukimbia macho ya yule mama. Siku mtoto mdogo aliposhindwa kusimama, alijua kwamba mambo yamekwisha. Akasema moyoni, kabla upinde wangu haujavunjwa, na nimpe mama wa rafiki yangu mkono wa pole. Hata mchawi hutoa pole.

Akaenda, akainama, akaushika mkono wa Mghoi. Akaushika jinsi alivyojua kushika kitu anachoogopa kukipoteza. Yule mama akapiga yowe.

"Unaniumiza!" Kisha akautazama ule mkono mkubwa uliomshika. "Maghanga. Ndivyo ulivyoushika upinde siku ile?"

"Ndivyo, mama."

Mghoi akauchomoa mkono wake, akausugua. Halafu akasema, "Mkono wa mfiwa haukamatwi. Hupokewa. Unaweka kiganja chako wazi, unauacha ukae hapo, na huutupi mpaka uondoke wenyewe. Hukufundishwa na mama yako?"

"Nilifundishwa, mama. Sikujua kwamba ni jambo la upinde."

"Nami sikujua. Kaa."

Akakaa. Yule mama alishika tama, na Maghanga, kwa kuwa hakujua afanye nini na mkono wake wa kulia, ule ulioachia mshale siku ile, akauweka shavuni, akashika tama kama yeye. Walikaa hivyo mpaka jua likazama, machozi yakimshuka mtu mzima yule, yakipita katikati ya vidole.

Wasimulizi wengine hapa husema kwamba Mghoi alimsamehe. Watu hupenda kusikia hivyo. Mimi siwaambii hivyo, kwa sababu sivyo tulivyoachiwa. Alimwambia akae kwa kuwa wajukuu wake walikuwa na njaa, na hakuwa na mwindaji mwingine.

Asubuhi Maghanga akashuka nyikani. Kulungu akatokea mbali, kwenye nyasi kavu. Maghanga akanyoosha mkono wa kushoto, na safari hii hakuukamata upinde. Aliupokea. Ukakaa kwenye kitako cha kiganja, chini ya kidole gumba, vidole vimelegea kama vya mtu anayetoa pole. Akavuta kwa mkono wa pili, na mkono ule, uliokuwa umeshinda shavuni jana yake, haukusimama kifuani. Ulirudi mahali pake, chini ya jicho. Mabega yakashuka, kama yanavyoshuka mabega ya mtu matangani.

Mwanyalo alikuwa pale pale upande wa kushoto, ameinua mkono. Zamani Maghanga angekaza macho asimwone. Sasa akamtazama. Akajiuliza, mshale huu ukipotea, nitamlilia nani? Akaingoja pumzi itoke yote. Hakupiga ukelele, maana nani hupiga ukelele akiwa ameshika tama? Akafungua vidole, mshale ukaondoka. Mkono wa kushoto ukabaki umenyooshwa vile vile, wazi, haukutupwa upesi. Ukakaa mpaka kulungu akaanguka.

Maghanga akaleta nyama. Mghoi akaitokosa, akawapa watoto mchuzi kwanza, kijiko baada ya kijiko, kwa sababu tumbo lililosahau chakula huua likishibishwa ghafla. Yule mdogo akanywa, akatapika kidogo, akanywa tena. Kisha akalia kwa sauti, na bibi yake akashukuru kusikia kilio kile. Kipande kimoja cha nyama Mghoi alikiweka kwenye sahani ya Mwanyalo, mahali Mwanyalo alipozoea kukaa, na hakuna aliyekigusa.

Halafu akamgeukia Maghanga aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo inawezekana," akasema.

"Inawezekana, mama."

"Basi hata siku ile iliwezekana."

Maghanga akauchukua upinde, akashuka tena nyikani. Aliilisha nyumba ile mpaka watoto wakakua, akawafundisha kupokea upinde, nao wakawafundisha wengine, na mishale ya milima hii ikaacha kuwachoma watu. Mghoi alikula nyama aliyoletewa naye mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini hakumwita mwanangu hata siku moja, naye hakuomba aitwe.

Na tangu siku hiyo, mpiga upinde wa kwetu haushiki upinde kwa ngumi. Huupokea kama mkono wa mfiwa. Huvuta mpaka shavuni, akashika tama kabla ya kuachia, na hunyamaza. Watu wengine husema mkono wa kulia unaitwa hivyo kwa kuwa ndio wa kulia chakula. Na waseme. Sisi tunajua mkono huo ulijifunzia wapi kulia. Na tangu siku hiyo asiye na upinde wala msiba haruhusiwi kushika tama. Mtoto akionekana ameweka shavu kiganjani, mtu mzima humkemea, "Toa mkono huo, unamlilia nani?" Kwa maana anayeshika tama ama amefiwa, ama yuko karibu kuua.

Haya, okoteni pinde. Wewe uliyetoboa paa la banda langu, anza wewe. Legeza vidole. Legeza tena, huo si mpini wa jembe. Vuta. Lete mkono shavuni, chini ya jicho. Usiachie kwanza. Tazama upande wa kushoto wa mgomba, pale ambapo hakuna mtu. Tazama mpaka umwone ameinua mkono.

Umemwona? Sasa achia.