Meza ya Fundi Kibiki

Meza ya fundi ndiyo mlango wa duka. Jana mlimsikia mwenyekiti wa kwaya akiwaambia hivyo wale waliotaka kumwondoa mpiga ngoma wetu mzee, nanyi mkaja kuniuliza methali hiyo imetoka wapi. Haikutoka mbali, wajukuu zangu. Ilizaliwa hapa hapa Iringa, na mimi nilikuwepo.

Lugano Mahenge alianza na redio sita tu. Karibu na mlango wa duka lake aliweka meza ya fundi Kibiki. Watu walileta redio zao mbovu, wakaketi kwenye benchi kungoja huku wakisikiliza mpira na matangazo ya vifo. Wakichoka kukaa, waliinuka kutazama redio mpya kwenye rafu. Hapo ndipo mimi Atupele, muuzaji wake, niliposogea. "Karibu mama, washa tu. Kushika si kununua."

Duka hilo likazaa la Makambako, kisha la Njombe, la Mbeya, la Songea, hadi yakawa tisa, na kila moja lilikuwa na meza ya fundi. Siku tulipowasha televisheni ya kwanza dirishani, watu waliziba barabara hadi askari wakaja kutusihi tuizime. Nao walisimama kwanza, wakatazama kidogo! Ah, ningewapeleka mkaione siku ile. Hadi leo nikisikia harufu ya waya zinazochomelewa, moyo unarudi kule.

Televisheni zilipoanza kununuliwa sana, Mahenge alimwita Kibiki mbele yetu.

"Fundi, meza yako imekalia nafasi ya televisheni tatu. Halafu kila redio unayoifufua ni redio mpya ambayo sijauza."

Kibiki aliweka chini bisibisi. "Bwana Mahenge, hawa watu hawaji kununua. Wanakuja kutengeneza, ndipo wananunua."

"Zamani, labda. Sasa wanalijua jina langu."

Kibiki aliinuka. Alifunga vifaa vyake kwenye kitambaa, akatuaga mmoja mmoja. Nilitaka kusema neno, nikaogopa kupoteza kazi yangu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Meza ziling'olewa katika maduka yote tisa. Sakafu zikang'aa, mabenchi yakaondolewa, na watu wakapungua. Baadaye zikaja simu zenye redio ndani. Sitawadanganya, simu nazo zilituumiza. Lakini bila meza ya fundi, mtu aliyenunua simu popote hakuwa tena na sababu ya kupita kwetu. La Songea lilifungwa kwanza. La mwisho kufungwa lilikuwa letu la hapa Iringa.

Miaka miwili baadaye nilipeleka pasi yangu ya umeme kwa Kibiki, aliyekuwa akifanya kazi barazani kwake. Benchi lilijaa watu. Pembeni mkewe aliuza simu na chaja, na wanaongoja walikuwa wakizichagua. Mara akaja Mahenge, mkononi ana redio iliyogoma kuwaka.

Kibiki akainuka, akaipokea redio kwa mikono miwili. "Karibu, Bwana Mahenge. Keti, si kazi ya muda mrefu."

Mahenge aliketi karibu nami. Aliwatazama wale wanunuzi, kisha akasema kwa sauti ambayo benchi zima liliisikia:

"Dada Atupele, meza ya fundi ndiyo mlango wa duka. Nami niliung'oa kwa mikono yangu."