Hukumu ya Kutandikwa

Hapo zamani, enzi ambazo neno la mfalme halikurudi nyuma hata likiwa limepotea njia, alikuwako Sultani Shehabi, mtu mpenda mapambo kupita kiasi. Akamwagiza sonara apigilie nyota arubaini kwa misumari ya dhahabu juu ya tandiko la farasi wake, lipate kumetameta siku ya Idi. Ikawa siku ya Idi, Sultani alipoketi tu, yule farasi, mpole miaka yote, akaruka, na Sultani akaanguka mbele ya umati, kilemba huku, kiatu kule.

Basi Sultani akahamaki, akamwita Mzee Feruzi, mtunza farasi. "Wewe ndiwe uliyemtandika farasi. Nawe Ijumaa utatandikwa vilevile, mbele ya watu!"

Watu wakaelewa: ni viboko hamsini. Na mzee mwenyewe alikuwa mifupa mitupu. Hakuna aliyedhani angefika cha ishirini.

Mjini mle alikuwamo fukara aitwaye Ngwali, ambaye watu walimwita punguani. Alilala kwenye majani ya zizi, na chakula chake kilikuwa nusu ya chakula cha Mzee Feruzi, aliyemgawia kila siku. Habari ile ikamchoma, akalia sana. Kisha akalirudia neno la Sultani polepole, akacheka peke yake.

Ijumaa ikafika. Mwenye bakora alipokuwa akikunja mikono ya kanzu, Ngwali akatokea na lile tandiko la nyota kichwani.

"Umri mrefu, ee Bwana. Nipe ruhusa nimtandike mimi."

"Mtandike!"

"Vilevile alivyomtandika farasi?"

"Vilevile, wala usipunguze kitu! Nimekwisha kuapa."

"Labeka, Bwana." Basi akampigisha mzee magoti, akamtandazia nguo mgongoni, akainyoosha isibaki kunyanzi hata moja, akaweka tandiko juu yake, akakaza mkanda wa tumboni, kisha akapitisha vidole viwili chini ya mkanda aone kama mzee anapumua.

"Ametandikwa, Bwana."

Watu wakaziba vinywa. Sultani akafoka, "Baraza langu umelifanya zizi?"

Ngwali akaliegemea tandiko kwa kiwiko. Mzee akapiga ukelele, "Mama yangu! Kuna kitu kinachoma!"

"Mwongo huyo!"

"Basi tia kiganja chako chini ya tandiko, Bwana. Farasi hana ulimi, na mzee huyu haaminiki."

Sultani akatia kiganja. Ngwali akaegemea tena, na Sultani akaruka, kilemba huku, kiatu kule.

Kumbe misumari ya sonara ilikuwa mirefu mno. Tandiko likiwa tupu, ncha zake zilijificha ndani ya pamba; likipata uzito, zikachomoza, jambo ambalo Ngwali, mlala zizini, alikwisha kuligundua.

"Farasi naye aliruka hivyo hivyo, Bwana," akasema Ngwali kwa upole. "Sasa wewe nawe utandikwe?"

Sultani akakitazama kiganja chake chenye tone la damu, akaona haya, kisha kicheko kikamshinda, akacheka hata akashika mbavu. Akamfungua mzee kwa mikono yake mwenyewe, akamvika joho. Ngwali alipoulizwa anataka nini, akasema, "Vile vimisumari tu, Bwana, visije vikamchoma mtu mwingine." Akapewa vyote arubaini, vya dhahabu tupu, huyo punguani.

Na mpaka leo, ukimwambia mtu wa mji ule "tandika," hainuki upesi. Huuliza kwanza: kitanda, farasi, au mtu?