Bwana Njia na Tawi la Mnyaa

Hadithi njoo, lakini ukija tazama unapokanyaga, maana hii ni hadithi ya njia.

Mwaka huo mvua iliikosea adabu Nyika ya Matongo. Vuli haikuja kabisa, na masika yakapita kama mgeni aliyekataa kukaa. Mito ikakauka, mabwawa yakawa vumbi, likabaki bwawa moja tu la Mbogoni, nyuma ya jabali kubwa. Ili kulifikia, wanyama walipita kwenye mwanya uliolikata jabali katikati. Wenyewe waliuita Mlango wa Jabali. Ulikuwa mfupi, tena una kivuli, na hata mwenye miguu mibovu aliweza kwenda kunywa na kurudi kwake salama.

Taabu ilikuwa moja. Nyati na Pundamilia wakinusa maji hawaoni mtu. Walikuwa wakiingia Mlangoni mbio mbio, na wadogo wakibanwa ukutani. Siku moja Nyati alimkanyaga Mama Kobe mgongoni, gamba likalia ko!

"Samahani," alisema Nyati, "nilidhani jiwe."

"Hata jiwe huzungukwa, baba," alijibu Mama Kobe.

Mama Kobe alikuwa mjane, mzee, na haraka hakuijua hata kwa kusimuliwa. Wenzake walimhurumia, kesi ikapelekwa Barazani. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Simba. Yeye aliishi upande wa pili wa jabali, karibu kabisa na maji, kwa hiyo kiu alikuwa akiisikia kwa majirani tu. Alipenda mambo mawili duniani: usingizi wa mchana na kuitwa Mtukufu.

"Nani atanitatulia jambo hili?" aliunguruma.

Fisi akasimama upesi. Fisi hakuwahi kusimama upesi kwa jambo lisilolika, na hapo ndipo wenzake wangejiuliza. Hawakujiuliza.

"Mtukufu," alisema, "dawa ni kutenga njia ya waenda kwa miguu, pembeni, kwenye kivuli. Wenye nguvu wapite huku, wanyonge wapite kule."

Baraza likapiga makofi. Mama Kobe machozi ya furaha yakamtoka. Chatu peke yake ndiye aliyeuliza kama na wasio na miguu wamo, akaambiwa suala lake litaangaliwa. Simba akamteua Fisi palepale, na kama vile vijiji vina Bwana Shamba na Bwana Afya, nyika ikapata Bwana Njia.

Kesho yake Mlango wa Jabali ulikuwa umefungwa. Fisi alivingirisha mawe mpaka mwanya ukajaa, na mbele ya mawe akatandaza matawi mabichi, ile alama inayojulikana na kila mpita njia: usipite, kuna hatari.

"Vipi tena?" aliuliza Pundamilia.

"Tunajenga njia ya waenda kwa miguu," alisema Fisi. "Njia haijengwi huku watu wanapita. Kwa sasa mtatumia mchepuko."

Nyani akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mchepuko? Bwana Njia, mkeo anajua?"

"Mchepuko wa barabara, mpuuzi wewe!"

Mchepuko wenyewe uliuzunguka mlima mzima, ukapita Bonde la Majivu, mahali pasipo na mti wa maana wala tone la maji, ndipo ukatokea bwawani. Na bondeni huko, kwa bahati tu, ndiko kulikokuwa na nyumba ya Fisi.

Alama ilimsumbua kidogo. Katika njaa ile, kutandaza majani mabichi njiani kulikuwa sawa na kuwapakulia watu pilau. Alama ya kwanza ililiwa na Swala. Fisi akaweka matawi ya mgunga yenye miba, Twiga akayamaliza na kuuliza kama kuna nyongeza.

"Unakula alama ya Baraza!" Fisi alifoka.

"Ina ukakasi kidogo," alisema Twiga, "lakini inapita."

Mwishowe Fisi akakata mnyaa, mti ambao hubaki kijani hata kiangazi kikali, na utomvu wake huunguza midomo. Huo hakuna aliyeugusa. Fisi alipouona ule ukijani wake unavyoonekana kutoka mbali, akapata wazo jingine, akatangaza: "Kila apitaye mchepukoni abebe tawi la mnyaa. Mwenzenu akiishiwa nguvu, mwekeeni tawi hilo, ninyi endeleeni na safari. Ofisi yangu itamfuata alipo imhudumie."

Wanyama wakasema kumbe tulimdhania vibaya Fisi wa watu.

Wa kwanza kuishiwa nguvu alikuwa Bibi Swala. Wajukuu zake wakamwekea tawi, wakaenda kunywa, na waliporudi wakalikuta tawi, bibi hawakumkuta. Sungura, aliyekuwa jirani yao, akaenda mwenyewe hadi kwa Bwana Njia kuuliza. Alimkuta mlangoni akichokonoa meno.

"Shikamoo, Bwana Njia. Bibi Swala yuko wapi?"

"Marahaba. Tumemhudumia. Amepumzika."

"Kapumzika wapi?"

"Ndani," alisema Fisi, akacheua.

Masikio ya Sungura yakasimama. "Naweza kumsalimia?"

"Hapokei wageni."

Sungura alirudi nyumbani moyo ukimuuma. Bibi Swala ndiye aliyekuwa akimwachia machipukizi laini kila mvua zikianza, na sasa alikuwa ndani, ndani kabisa. Lakini angemwambia nani? Kumwambia Simba kwamba kateua vibaya ni kumpigia mbuzi gitaa.

Akapita kwa Mama Kobe, akamkuta anajiandaa na safari, tawi la mnyaa amelilaza kando.

"Usiende, Mama. Kule kuna mambo."

"Mwanangu, tangu wafunge njia sijaonja maji. Nilitafuna mizizi, nayo imekwisha. Nikibaki nitafia hapa." Mama Kobe alitabasamu, lakini sauti ilikuwa imekauka. "Ajabu, njia hii iliombwa kwa ajili yangu. Wamenijengea njia mpaka nimekosa pa kupita."

Maneno hayo yakamchoma Sungura kuliko mwiba. Usiku mzima hakulala. Kulipopambazuka, kumbe Mama Kobe alikuwa keshaondoka tangu jioni. Sungura akakimbilia Mlango wa Jabali, akajipenyeza katikati ya mawe, mahali ambapo gamba lisingepita, akatokea kwa Simba.

"Shikamoo, Mtukufu. Nimekuja na aibu. Huko nje wanasema mchepuko ni mgumu hata Simba hauwezi."

Simba akafumbua jicho moja. "Nani anasema?"

"Wasemao ni wengi. Mimi nimeziba masikio, na unayaona yalivyo, kazi haikuwa ndogo."

Simba akafumbua na la pili. "Nitaupita leo hii! Lipigwe baragumu, Bwana Njia anipokee!"

"Mtukufu, mkubwa akija kwa baragumu huoneshwa palipofagiliwa. Nenda kimya, upite kama wanavyopita wao. Kisha tuone nani atasema tena."

Simba akatoka kifua mbele, Sungura nyuma yake. Mwinuko wa kwanza aliupanda kwa madaha. Kwenye mteremko madaha yakapungua, maana fahari inataka watazamaji, na pale hapakuwa na mtu. Walipoingia Bonde la Majivu jua lilikuwa la utosi. Majivu yakamjaa manyoyani mpaka akawa mweupe kama gunia la unga. Akaona kichaka kikavu, akaingiza kichwa chini yake kutafuta kivuli, makalio yakabaki nje, na kwa kuwa ilikuwa saa yake ya kulala, akalala.

Mbele kidogo Sungura akaona kitu cha kijani, moyo ukamruka. Mama Kobe alikuwa amelala kifudifudi njiani. Nyumbu, ambaye ni mwema lakini hafikirii mara mbili, alikuwa amepita, akachukua tawi la Mama Kobe, akamsimikia kando ya gamba, akaendelea zake.

"Mama Kobe! U mzima?"

"Nipo, mwanangu. Miguu ndiyo imegoma."

Kutoka juu ya kilima kikasikika kicheko cha Fisi. Alikuwa ameona kijani. Sungura alitazama gamba lile zito, akajitazama mikono, na hofu ikamshika kweli. Kumbeba Mama Kobe asingeweza. Lakini tawi halikuwa zito.

"Ingia ndani ya gamba," alisema. "Uwe jiwe. Wewe si uliwahi kuwa jiwe?"

Akaling'oa tawi, akakimbia nalo hadi kichakani, akalisimika taratibu ubavuni mwa yale makalio meupe, naye akajibanza.

Fisi akaja mbio, mate yanamtangulia, macho kwenye tawi tu. Akamkanyaga Mama Kobe, ko!

"Mawe haya nayo!" alilalamika, akapita.

Akaona mapaja mawili manene, yametulia. "Leo ni leo," alisema. "Mnyama mzima, tena kibonge!" Kichwa ni cha nani hakuuliza. Fisi haulizi jina la nyama. Akazamisha meno.

Ngurumo iliyotoka kichakani ilisikika mpaka bwawani. Fisi alipoona manyoya ya shingo yanatoka chini ya kichaka, akakaa chini bila kukaribishwa.

"Mtukufu! Nilikuwa... nilikuwa nakuhudumia!"

"Huduma ya meno?"

"Ni utaratibu wa ofisi, Mtukufu. Penye tawi lazima tufike."

"Basi nioneshe na wengine uliowafikia."

Akamkamata shingoni, akamburuta mpaka nyumbani kwake. Huko ndani kulikuwa na mifupa, na juu ya mifupa kwato ndogo safi za Bibi Swala. Simba alizitazama kwato zile. Ni yeye aliyemteua Fisi, na ni yeye aliyepiga makofi kwa sauti kuliko wote. Aliona haya, jambo ambalo halijaonekana tena nyikani.

Sungura akampeleka kwa Mama Kobe, ambaye alikuwa bado jiwe. "Mtukufu, anahitaji maji sasa hivi. Ila wapo wanaosema hata Kobe ni mzigo mzito kwa Simba."

"Nani anasema?" aliunguruma Simba, na ndivyo Mama Kobe alivyofika bwawani mgongoni mwa Mtukufu. Akanywa mpaka shingo ikajaa.

Barazani Simba alitangaza kwamba alikuwa akimchunguza Fisi kitambo. Hakuna aliyethubutu kucheka, ila Nyani, naye alikuwa juu ya mti. Kisha ikatoka hukumu: Mlango wa Jabali ufunguliwe, na Fisi aondoe mwenyewe kila jiwe aliloliweka, ayapange kuwa ukingo, ili upande wenye kivuli uwe kweli njia ya waenda kwa miguu. Chatu akauliza tena suala lake, na safari hii akakubaliwa.

Fisi akabeba mawe mpaka kiuno kikamshuka, na hakijapanda hadi leo. Wajukuu wa Bibi Swala walikuwa wakija kumtazama akifanya kazi. Hawakumzomea. Walisimama tu, naye hilo ndilo lililomtesa.

Ukingo ulipokamilika, Mama Kobe akapita wa kwanza, kivulini, bila kubanwa na mtu. Nyati akasimama upande wake kumpisha. Mwishoni mwa njia Fisi alikuwa amekaa juu ya jiwe la mwisho, anahema.

"Mama Kobe," alisema, "mimi nilipiga hesabu ya kula mpaka masika. Mbona mambo yaliisha mapema hivi?"

Mama Kobe alimtazama bila haraka, maana haraka alikuwa bado hajaijua.

"Mwanangu," alimwambia, "njia ya mwongo ni fupi."