Mzee Jongo Aliyekasirikia Utani

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa moto.
— Uwake!
Pakawa jivu.
— Lipoe!

Hapo kale, mbingu zilipokuwa mtaa na nyota zilipokuwa majirani, paliishi nyota mzee, jina lake Jongo. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wachukuzi wa chumvi kuvuka nyika hadi kisimani. Uzee ulipomfika, alivua majoho yake, la kwanza, la pili, la tatu, akayatandaza angani. Akabaki kaa dogo la moto ndani ya jivu. Kazi akamkabidhi mjukuu wake, Siwema, mbele ya wazee na kwa radhi.

Utani wa babu na mjukuu mnaujua. Siwema alipita akamwambia, "Mume wangu, umepoa hivi, uji wetu nani atauchemsha?"

Mtaa mzima ukacheka. Mtani hakasirikiwi, anayekasirika ndiye mwenye aibu. Jongo naye alicheka, ila kicheko hakikutoka chote. Kilichobaki kikamkaa tumboni, kikafukuta, kikafukuta, kikafukuta.

Siku ya tatu tumbo likalipuka. Jongo akavimba, akawa mwekundu na mkubwa kuliko ujanani. Akamwambia mjukuu wake, "Ondoka hapo, kimulimuli." Siwema akainamisha kichwa, akaondoka.

Kule chini nyikani walikuwamo wachukuzi thelathini, na maji yao yalikuwa kibuyu kimoja. Kiongozi wao, Bi Nyamizi, aliiona nuru ile kubwa, akawageuza watu waifuate. Nami nawauliza: moto wa mabua hudumu?

— Haudumu!

Haukudumu. Jongo akaanza kutoa masizi. Yakamfunika miguu, yakamfunika kifua, yakamfunika uso. Humo ndani ya moshi wake mwenyewe akamsikia Bi Nyamizi akimwita. Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili alinyamaza. Mara ya tatu sauti ya yule mama ilikuwa imekauka.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Jongo alikuwa na vyote viwili. Akasema, majirani wote wakisikia, "Siwema, mama yangu, nilikasirikia utani. Nimewapoteza watu. Waongoze."

Siwema aliinua kichwa. Alirudi mahali pake, akawaka kwa nuru yake ndogo. Bi Nyamizi akaiona, na wachukuzi wakafika kisimani, wengine wakitambaa. Wote thelathini wakanywa.

Na Jongo? Ndani ya masizi joto lilimrudia, polepole, mwaka hadi mwaka, mpaka akawa moto kuliko jirani yeyote. Wazee walimsihi ajitokeze. Hakutoka. Kila jioni Siwema hupita mlangoni pake na kusema, "Shikamoo, babu," kwa adabu kamili, bila mzaha hata mmoja. Naye huitikia "Marahaba" kwa sauti ndogo, kutoka ndani.

Hapa naufunika moto wa ngano. Iliyo tamu ibebeni mwende nayo. Iliyo chungu niachieni mimi. Kinywa changu kimeizoea.