Zimwi Lililoomba Ukuta

Sogeeni, wenye masikio, niwape la ukutani.

Mbeyu mkulima alikuwa akipamba nyumba yake kwa udongo mwekundu, majivu na chokaa, akichora mahindi na maboga, zimwi likaja kumla ng'ombe wake wa pekee. Likaona ukuta, likasahau njaa, likamuuliza Mbeyu:

"Mama, boga hili linaliwa?"

"Haliliwi, baba."

"Na hindi hili?"

"Nalo haliliwi."

"Na mimi, mbona simo?"

Mbeyu akalichora kando ya mlango. Alipomalizia jicho la pili, uani hapakuwa na zimwi, na ukuta ulikuwa unapumua.

Tangu hapo, kila asubuhi boga moja halipo ukutani. Mbeyu huchora jingine, na ng'ombe wake yuko zizini, anacheua.

Hadithi imekauka. Asiyeamini akauguse ukuta.